Papasi wa Bandarini

Kibanda changu cha chai kiko mkabala na stendi ya Bariadi. Hakuna anayepanda basi nisijue anakokwenda, na hakuna anayeshuka nisijue amerudi na nini. Kwa hiyo Kwandu alipokuja kuniuliza kama Muzdalifa bado anakunywa chai kwangu, nilijua shida imemkaba kweli. Wale wawili hawakuwa wakisalimiana tangu harusini.

Harusi ilikuwa ya Faraja, binti wa Kwandu, na Jabiri, mtoto wa dada yake Muzdalifa. Jabiri alitoka Unguja kuja kumsaidia mama yake mdogo duka la kanga na vitenge, akamwona Faraja, mengine mnayajua. Nikaha ilifungwa msikitini. Kwandu, Mkatoliki wa Mkula, alikaa nje chini ya turubai amevimba, na mtu alipoanza kumsifia ukoo alioupata, akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye masufuria ya pilau kwamba nyumba isiyo na ng'ombe hata mmoja si nyumba, ni kambi ya wapangaji. Muzdalifa alikuwa kwenye hayo masufuria, ameshika upawa. Wapo walioapa kwamba angekuwa karibu angemrushia.

Sasa Faraja alikuwa na mimba yake ya kwanza huko Unguja, na Kwandu alitaka jambo moja tu: mwanawe aje kujifungulia kwao, kama yeye alivyojifungulia kwa mama yake. Mama mkwe wake, Bi Siwema, yule dada yake Muzdalifa, hakuweza kuja harusini kwa sababu ya maumivu ya miguu. Hakukataa ombi, ila alisema mama wa binti aje kwanza wajuane, ndipo wazungumze. Kwandu alikuwa hajawahi kuiona bahari. Na katika watu wote aliowajua, aliyezaliwa kule ni Muzdalifa.

Basi nikawakalisha meza moja. Kibanda kilijaa siku hiyo. Watu waliokwisha kunywa chai walijikuta wana kiu tena.

Muzdalifa alitoa mawaidha yake bila kumtazama, kama anayesomea ukuta. Abebe kitambulisho, maana bandarini Dar hawaangalii mtu ana ng'ombe wangapi. Kwenye boti akae nyuma, chini, mbele kunarusha. Na asinywe maziwa mgando kabla ya kupanda, abiria wenzake hawana kosa. Ajifunge kanga mabegani, kule si mnadani. Viatu avue mlangoni. Akionyeshwa bahari imetoka mchanga umebaki mtupu, asiende kutembea mbali akadhani ni mbuga, bahari hurudi na haipigi hodi. Akiingia majini avae ndala, kuna vidudu vyeusi vya miiba. Asimpige mtu picha bila kumwomba. Kila neno lilikuwa la kweli na kila neno lilikuwa na kijiti cha kuchomea.

Mwishoni alisimama, akatikisa kanga yake, akasema, "Na papasi. Pale bandarini papasi ni wengi, Mama Faraja. Wakikushika hawabanduki. Jihadhari nao tangu unashuka."

Kwandu aliitikia kwa kichwa. Papasi alikuwa anawajua tangu utoto. Nani wa huku asiyewajua? Vidudu vya kwenye nyufa za kuta za udongo, vinakuuma usiku, asubuhi una homa. Alitoka kwangu akaenda moja kwa moja duka la dawa za mifugo, akanunua chupa ya dawa ya josho, ile wanayonyunyizia ng'ombe kuua kupe. Akaifunga ndani ya kitenge, akapanda basi.

Yaliyotokea Unguja nimeyasikia kwa vinywa viwili, na vyote vimekubaliana.

Alipokelewa vizuri. Boti haikumsumbua, kanga ilikuwa mabegani, viatu alivua. Bi Siwema alimpa chumba chake mwenyewe, kitanda cha nguzo alichoachiwa na mama yake, shuka zimefukizwa udi. Alfajiri Kwandu akaamka, akachanganya dawa kwenye ndoo ya kuogea, akanyunyizia miguu ya kitanda, godoro, nyufa za ukuta, kisha kwa wema wake akatoka akanyunyizia na mikeka ya ukumbini. Nyumba ikanuka josho. Bi Siwema alikuja amejishika pua, akauliza kuna nini. Kwandu akajibu kwa moyo mweupe kwamba ameambiwa huku papasi ni wengi.

Mnaelewa alichosema. Alimwambia mwenye nyumba, ndani ya nyumba yake, kwamba analala na wadudu.

Hakuna aliyegomba. Alipikiwa chai, akasindikizwa hadi bandarini kwa heshima zote, na Bi Siwema akamwambia kwa upole kwamba Faraja atajifungulia pale pale Unguja, kwa kuwa safari ni ndefu. Faraja alilia mpaka boti ikaondoka.

Kwandu aliposhuka stendi hakwenda kwao. Alikuja na begi lake hadi kwangu, na Muzdalifa alikuwepo. Dada yake alikwisha kumpigia simu. Yeye alikwisha kunisimulia mimi, na mimi, basi, kibanda chote kilikuwa kinajua.

Kwandu hakukaa. Alimwambia Muzdalifa kwamba amemchongea kwa wakwe. Muzdalifa akakoroga chai yake, akasema kwamba papasi kule ni wale vijana wanaowaganda wageni bandarini, nikubebee begi, nikupeleke hoteli, nikuonyeshe mashamba ya karafuu. Mtoto mdogo wa Unguja anajua.

"Mimi si mtoto wa Unguja," Kwandu akasema.

"Na mimi nilisema wa bandarini. Ulimwona papasi gani kitandani kwa dada yangu?"

Hata sufuria ya maandazi niliipunguzia moto ili nisikie.

Kwandu akasema, kwa sauti ya chini, ampigie Siwema simu amweleze. Muzdalifa akajibu kwamba atapiga, ila kwanza lile neno la harusini lirudishwe, tena hapa hapa mbele za watu, kwa kuwa lilitolewa mbele za watu.

Nilimwona Kwandu anatazama mlango. Angeweza kuondoka. Mguu ulikwisha kugeuka.

"Nyumba isiyo na ng'ombe ni nyumba," akasema. "Haya, piga."

Muzdalifa akapiga, akaweka spika. Akamweleza dada yake kwamba huyu mkwe wao si mtu mbaya, ni mshamba tu. Kwao papasi ni mdudu, ukimtajia anakimbilia josho, ndivyo walivyo, asamehewe kama anavyosamehewa asiyejua. Kwandu alisimama akayasikiliza yote, mikono imeshika mkanda wa begi. Upande wa pili Bi Siwema alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi, Jabiri atamleta mkewe ajifungulie kwao, ila kitanda kingali kinanuka.

Simu ikakatwa. Watu wakapumua. Mimi nikadhani sasa wataagiza chai, nikashika birika.

"Ulijua," Kwandu akasema. "Ulijua nitaelewa vile."

Muzdalifa akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu harusini.

"Nilijua una ng'ombe."

Kwandu akafungua begi, akatoa ile chupa, dawa imefika nusu, akaiweka mezani mbele ya kikombe cha mwenzake. Akamwambia akaiweke dukani kwake, huenda wapangaji wakaihitaji. Kisha akaenda zake kumtayarishia mwanawe chumba.

Muzdalifa hakuigusa. Alimaliza chai, akaondoka. Chupa ikabaki katikati ya sukari na chumvi, watu wote wanaitazama, hadi nilipoiondoa mwenyewe. Pale watu wanakula.