Duara la Fomu Namba Saba

Kwa miaka kumi na moja fomu zote za ofisi ile zilitoka kwa mwanamke mmoja, rula moja na kalamu moja nyeusi. Ndiyo maana aliitwa Mama Rula, hata na mumewe. Alichora mistari, akaandika "Jina kamili", akaacha nafasi ya jina fupi, kisha akapeleka karatasi kwenye mashine ya fotokopi, iliyokohoa kama mgonjwa anayetaka kuonewa huruma.

Jumatatu moja Bosi akaita kikao. Bosi alipenda vikao. Hata kufungua dirisha aliundia kamati.

"Dunia imekwenda mbele," alisema. "Tunanunua programu ya kuchora fomu na kupanga kurasa. Injinia anayo yake. Mama Rula, na wewe tafuta yako, iwe rahisi. Ijumaa tunazishindanisha. Mshindi anabaki na fomu zote na kiti cha dirishani. Mwenzake anakwenda kutunza mafaili ya zamani kule chini."

Kule chini hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na balbu moja, na panya waliokwisha kuyapitia mafaili yote mpaka herufi K.

Injinia, fundi kompyuta wa ofisi, alitembea na waya mfukoni kama wenzake wanavyotembea na leso. Programu yake ilikuwa na vitufe mia mbili na arobaini.

"Mama, hii inaweza kila kitu."

"Mstari je?"

"Mstari? Kwanza unafungua tabaka jipya, halafu unachagua kalamu, halafu—"

"Mwanangu, mpaka hapo mimi na rula tushastaafu."

Nyumbani akajaribu programu tatu kwenye kompyuta ya binti yake. Ya kwanza ilimhoji kuliko mama mkwe. Ya pili ilikuwa na haraka. Kabla hajagusa kitu ikawa imemchorea kadi ya harusi. Ya tatu ilikuwa na vitufe tisa. Alivuta kisanduku, akakiacha, kikakaa. Akakitazama dakika nzima. Bado kimekaa.

"Mama, hiyo ni ya watoto wa shule ya msingi," binti yake akasema.

"Na wanaojaza fomu zetu unadhani ni maprofesa?"

Ijumaa ikafika. Mtihani ulikuwa kuchora upya Fomu Namba Saba, ya kuombea kifaa chochote cha ofisi, kuanzia kiti hadi pini. Kila mmoja akatoa yake kwenye printa. Jaji alikuwa Mzee Muhuri, ambaye alianza kugonga mihuri Bosi akiwa bado na bosi wake. Akavaa miwani, akazigeuza fomu zote mbili, akaziweka chini.

"Feki."

"Ipi, mzee?" Bosi akauliza.

"Zote. Duara liko wapi?"

Ni kweli. Fomu Namba Saba ya zamani ilikuwa na duara la kijivu kwenye pembe ya chini, lenye pengo kidogo upande wa kushoto. Muhuri uligongwa humo tu. Mfanyakazi mpya alifundishwa hilo siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya duara aliijua Mama Rula. Miaka kumi na moja iliyopita aliweka kikombe cha chai juu ya fomu aliyokwisha kuichora. Muda wa kuchora nyingine haukuwepo. Yaliyobaki yalifanywa na fotokopi.

"Dakika moja," alisema Injinia. Zikawa arobaini. Akaleta duara safi kabisa.

"Hili limechorwa," alisema Mzee Muhuri.

"Ndiyo, mzee, nimelichora."

"Basi ndiyo feki yenyewe. La kweli lina pengo."

Injinia akarudi kukata pengo. Jedwali likahamia ukurasa wa pili, kichwa cha fomu kikageuka miguu juu, na printa ikatoa duara peke yake, kubwa kama sinia.

Mama Rula akatazama dirisha lake. Akafikiria ile balbu. Kisha akaagiza chai.

Akamimina kiasi kwenye kisahani, akachovya kitako cha kikombe chake kilichomeguka upande mmoja, akakigandamiza kwenye karatasi nyeupe mbele ya watu wote. Akaipitisha karatasi kwenye skana. Akalivuta duara hadi pembeni mwa fomu, akaliacha. Likakaa.

Printa ikaitoa fomu, Mzee Muhuri akaikagua. Paa! Muhuri ukashuka.

"Hii ndiyo yenyewe."

Bosi akatazama kikombe, akatazama fomu.

"Mama Rula. Miaka yote hii nimetia sahihi kando ya chai?"

"Haikuwa na sukari, bosi."

Bosi akafikiri sana. Mafaili elfu tisa yalikuwa na duara lile. Akaunda kamati, na kamati ikaamua: programu ya vitufe tisa inunuliwe, kikombe kiandikwe kwenye rejista ya mali za ofisi na kifungiwe kabatini. Injinia akashuka chini na waya zake, akawakuta panya wameanza L.

Mama Rula yuko dirishani mpaka leo. Akitaka kunywa chai kwa kikombe chake hujaza Fomu Namba Saba, nakala tatu, na kungoja muhuri. Chai hupoa.