Mpira Uliolala Nyuma ya Betri

Mwanangu mkubwa alikuja asubuhi na ufunguo wa akiba mfukoni na neno moja mdomoni: gari la marehemu baba yake linauzwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu angefika mchana na lori lake.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye gereji nzima humwita Spana, alikuwa chini ya gari hilo hilo, miguu tu ndiyo iliyo nje. Akamjibu mjomba wake kutoka huko huko chini.

"Shikamoo Mjomba. Gari haliuzwi."

"Marahaba. Lisipouzwa lina kazi gani? Magurudumu ya mbele hayavuti. Manyunyu kidogo tu, limekwama hapo mlangoni."

"Kosa lenyewe ni dogo."

"Dogo, na wiki nzima unalala nalo chini kama mumeo."

Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nachambua mchele. Nikamwambia mwanangu, "Mchana bado."

Akacheka. "Haya Mama. Likipanda kilima cha nyuma ya mashine ya kusaga kabla mnunuzi hajaondoka, ni la Spana. Na mimi nitalifuata juu kwa miguu, na viatu hivi hivi."

Viatu vyake vilikuwa vyeupe pe. Akaenda zake kunywa chai.

Spana alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Zahanati za milimani zilitaka gari la kupandisha dawa msimu wa mvua, na yeye walishamkubali, ila kwa sharti gari livute kwa magurudumu yote manne. Bila gari hilo, ni kurudi kumwaga oili za watu.

Akatoka chini, uso mweusi kama sufuria ya kuni. "Mke mwenzangu, njoo uzungushe gurudumu."

Ndivyo anavyoniita. Anasema babu yake alikuwa mume wake kwanza, mimi nilimwibia. Nikaweka ungo chini, nikaenda.

Gari lilikuwa limenyanyuliwa mbele kwa jeki, magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Injini inanguruma, gia imewekwa ya kuvuta kote. Nikazungusha gurudumu la kulia. Likazunguka lenyewe tu kama pia, na la kushoto likabaki kimya.

"Ukizungusha la kulia, la kushoto linatakiwa lizunguke kinyume," Spana akasema. "Maana yake vipande vya shafti bado vimeachana."

Alishanieleza mpaka nikaelewa. Shafti ya mbele upande mmoja imekatwa vipande viwili. Kuna ringi inayoteleza na kuviunganisha. Ringi inasogezwa na uma, uma unavutwa na kopo dogo la bati, na kopo nalo linavutwa na pumzi ya injini kupitia mpira mwembamba unaopita nyuma ya betri. Kimoja kikigoma, vyote vimegoma.

Ringi aliisukuma kwa bisibisi, ikateleza vizuri. Uma mzima. Mpira akauchomoa ncha zote mbili, akapuliza. Upepo ukanipiga kiganjani upande wa pili.

"Mpira mzima," akasema. "Basi ni kopo, na kopo la gari hili halipatikani tena." Akakaa chini kwenye oili. Hakulia, lakini alianza kufuta spana moja moja na kuzirudisha kwenye sanduku, na hilo kwangu lilikuwa baya kuliko kulia.

"Rudisha mpira wake kwanza," nikamwambia. "Hata kama linauzwa, liuzwe limevaa."

Akaurudisha, akawasha injini asikie mlio wake mara ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeinamia boneti kutafuta kitambaa changu. Nikaona kitu nyuma ya betri.

"Spana, huu mpira mbona umelala?"

"Umelala vipi?"

"Umebonyea. Kama mrija mtoto akinyonya uji mzito."

Akaja mbio. Akatazama. "Zima, Bibi." Nikazima. Mpira ukaanza kuvimba polepole, ukawa mviringo. "Washa." Ukalala tena, bapa.

Akajishika kichwa kwa mikono yenye oili. "Tumepuliza. Mke mwenzangu, sisi tumepuliza."

Nikaelewa nami. Marehemu alikuwa anapuliza kila kitu. Kabureta apulize, tochi ikigoma apulize, hata redio. Ukoo mzima tumejifunza kwake kupuliza. Na ukiupuliza mpira ule laini unafunguka vizuri kabisa. Lakini injini haipulizi, inafyonza, na ukifyonzwa unajifunga koo. Kipande kile laini aliunga yeye mwenyewe, kwa mkono wake, halafu akakipuliza akaridhika.

"Mume wetu huyo," nikasema.

"Wako. Mimi namwacha leo."

Tulihitaji mpira mgumu wa unene ule ule. Spana akatupa macho gereji nzima, kisha akanitazama mimi kwa adabu ya ghafla. Bomba langu la kunyunyizia mboga dawa, lenye mpira mgumu, lilikuwa limeegemea ukuta.

"Kata," nikamwambia. "Wadudu nao wale leo."

Akakata, akaosha, akaunga, akakaza klampu. Akawasha. Chini ya gari kikalia kitu, ta, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye heshima zake. Nikazungusha gurudumu la kulia, na la kushoto likaanza kuzunguka kinyume. Nililizungusha zaidi ya ilivyohitajika.

Lori la chuma chakavu lilipofika, tulikuwa tumeshashusha jeki. Mnunuzi akasimama na mnyororo wake mkononi, mwanangu pembeni. Spana akanifungulia mlango wa mbele. "Panda, mke mwenza."

Tope la kilima kile huwa linavua watu viatu. Gari lilipoteleza kidogo nikashika dashibodi, kisha nikasikia mbele inauma ardhi, inatuvuta kama ng'ombe aliyeona maji. Hatukusimama mpaka juu. Spana akapiga honi, ndefu, mpaka watu wa mashine ya kusaga wakatoka nje wakiwa weupe kwa unga.

Chini, lori liligeuza. Mwanangu alibaki peke yake, akavitazama viatu vyake, akaanza kupanda.

"Tumfuate tukampakie?" nikauliza, maana nami ni mama.

"Aah Bibi. Mwache atimize."

Alifika tope likiwa magotini, anahema. Akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Spana, kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia na matope yake yote.

"Haya, dereva," akasema. "Nishushe taratibu."