Sauti ya Pili na ya Tatu

Mwezi wa nane wa mwaka 2014, joto likiwa limewafukuza Dubai wote wenye pa kwenda, Waswidi watano walifika mtaa wa Al Garhoud wamevaa nyeusi kuanzia shingoni mpaka miguuni. Nywele za wanaume ziliwafika kiunoni. Walikuwa bendi ya metali, ule muziki wa magitaa mazito na ngoma zinazokimbia, ingawa wao walisifika kwa kutoiacha melodi ipotee hata kelele inapozidi. Bendi iliitwa Askvinter. Albamu ya kwanza ilikuwa imewapatia jina kwao na Ujerumani. Sasa walikuja kurekodi ya pili, kwa kuwa studio za Dubai hukaa tupu mwezi huo, na mwenye studio hii, aliyeupenda sana muziki wao, aliwapa wiki tatu nzima.

Leah Kemilembe ndiye aliyekuwa akiisafisha studio hiyo. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwaka wake wa tatu chini ya kampuni ya usafi, na alilala mtaa wa International City katika chumba cha wanawake wanne. Kwao alikuwa ameimba kwaya ya Kilutheri tangu akiwa na miaka tisa, chini ya mwalimu mkali aliyeweza kumnyamazisha mwimbaji katikati ya ibada kwa jicho tu. Dubai haikujua hayo. Dubai ilijua kwamba anafika saa mbili asubuhi na ndoo yake na sare ya kijivu.

Siku ya kwanza bendi ilipoanza kupiga, Leah alisimama kwenye korido akidhani mtambo umeharibika. Ilikuwa kama mashine ya kukoboa kahawa iliyomeza jiwe. Akamuuliza Kasian, fundi msaidizi wa studio, Mtanzania mwenzake kutoka Songea, kama hawa watu wanaumwa. Kasian alicheka, akamwambia asiisikilize kelele, asikilize kinachopita chini yake. Leah alimwona anatania. Lakini siku ya nne, akifuta vioo, alijikuta ametambua jambo: magitaa mawili yalikuwa yakipokezana wimbo vilevile soprano na alto wanavyopokezana, moja likipanda, lingine likibaki kulinda nyumba. Tangu hapo akawa anachelewesha kusafisha korido ile.

Wiki ya pili wakafika kwenye wimbo wa saba, na hapo wakakwama. Mwimbaji wao, Linnea, mwanamke mwembamba mwenye michoro ya ndege mikononi, alikuwa ameujenga wimbo huo juu ya melodi ya kanisani aliyokuwa akiimbiwa na bibi yake. Kila alipoimba, kiyoyozi kilibidi kizimwe, kwa sababu maikrofoni ilinasa mvumo wake. Baada ya dakika kumi chumba kilikuwa tanuri. Aliimba mara kumi na mbili, na mara zote mtayarishaji, Viktor, alitikisa kichwa. Viktor hakuwa wa bendi. Alitumwa na kampuni ya rekodi ahakikishe kwamba albamu ya pili inatoka na wimbo wa kuchezwa redioni.

Walipofungua mlango wapate hewa, Linnea aliendelea kuimba taratibu, peke yake, bila magitaa. Leah alikuwa amepiga magoti akifuta zulia. Melodi ile aliijua. Alikuwa ameiimba kwenye harusi na misiba, na ameiimba akichambua kahawa uani kwao. Bila kufikiri, akaiingilia kwa sauti ya pili, kwa maneno ya Kihaya, kitambaa kikiwa bado mkononi.

Linnea akanyamaza. Akatoka, akamtazama aliye chini. Leah akainuka haraka na kuomba radhi, akimwita madam. Linnea akamwambia hakuna madam hapa, kisha akamuuliza wimbo ule ameutoa wapi.

"Ni wa kwetu," Leah akasema.

"Hapana, ni wa kwetu sisi. Ni wimbo wa zamani wa Uswidi."

Kiingereza cha Leah kilikuwa cha kazini, lakini kilimtosha. "Basi wamisionari wenu walituletea," akasema. "Ulikuja ukiwa na sauti moja. Sisi tukauongezea mbili. Hizo mbili ni zetu."

Linnea hakukasirika. Alimwomba aimbe hiyo ya tatu nayo. Leah akaimba, na mpiga gitaa aliyekuwa amelala sakafuni akaketi.

Walimtaka arekodi palepale. Leah akakataa. Alikuwa kwenye saa za kampuni, na sheria ilikuwa wazi kwamba mwenye viza ya mwajiri mmoja hafanyi kazi kwa mwingine. Akawaambia atakuja Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na hatapokea dirham hata moja, ili asiwepo wa kusema kwamba alifanya kazi. Ila aliweka masharti mawili: maneno yaimbwe yote, na jina lake liandikwe. Linnea alikubali, na Viktor, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema hakuna shida.

Ijumaa hiyo Leah alitoka kanisani Oud Metha, maana huko ibada kubwa huwa Ijumaa, akaja moja kwa moja, na gauni lake la kitenge. Kiyoyozi kikazimwa. Jasho lilimtiririka mgongoni, na katika vile vipokea sauti vya masikioni magitaa yalimjia kama mvua ya mawe juu ya bati. Mara ya kwanza alipotea kabisa. Mara ya pili akavua kipokea sauti cha sikio moja ili ajisikie, akafumba macho, akaacha ngoma zikimbie zinakotaka. Yeye alishikilia wimbo tu. Alipomaliza sauti ya pili akaimba ya tatu juu yake. Kasian, nyuma ya kioo, alikuwa ameweka mikono kichwani kwa mshangao. Linnea aliingia akiwa na chupa ya maji, akamkumbatia.

Leah alirudi nyumbani na mgongo ulionyooka. Hamida, wa Tanga, waliyepakana vitanda, alimwuliza kama amepandishwa cheo. Leah akamwambia zaidi ya hapo.

Siku nne baadaye alikuwa akimwaga takataka katika chumba cha mitambo, Viktor akisikiliza wimbo wa saba akiwa ameupa mlango mgongo. Leah akasubiri kujisikia. Alichosikia ni vipande. Sauti yake ilikuwa imekatwakatwa, neno limebaki irabu, na irabu zimerudiwarudiwa juu ya ngoma: eee, ooo, eee, kama watu wanaofukuza ndege shambani. Hakuna sentensi hata moja iliyosalia. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya majina ya washiriki. Aliitafuta sehemu yake, akakuta pameandikwa "kwaya ya Kiafrika".

"Sir," akasema, "hiyo si sauti yangu."

Viktor aligeuka, akatabasamu. Akamweleza kwa upole kwamba msikilizaji wa Ulaya hatayaelewa maneno yale, kwamba hivi inasikika kubwa, na kwamba angepaswa kujivunia.

"Tulikubaliana maneno yote na jina. Kama hayawezekani, nitoe kabisa."

"Na jina lenyewe nani atalijua?"

"Mimi ninalijua," Leah akasema. "Wengine watalisoma."

Tabasamu likamtoka Viktor. Akamkumbusha kwamba yeye ni mfanyakazi wa usafi na hapo ni mahali pa kazi. Leah akachukua ndoo yake, lakini hakwenda kusafisha. Alikwenda chumba cha mazoezi, ilimokuwa bendi, akawaambia yote kwa sauti ya kawaida, mbele ya Kasian.

Kumbe bendi nayo haijausikia wimbo ule tangu Viktor auchukue. Linnea alikwenda akausikiliza mara moja, akarudi uso umemwiva. Wale watano wakazungumza Kiswidi kwa muda, kisha mpiga ngoma akaviweka vijiti vyake sakafuni. Zilibaki nyimbo tatu. Wakamtumia Viktor ujumbe kwamba hawatarekodi hata noti moja mpaka wimbo wa saba urudi ulivyoimbwa. Viktor akajibu kwamba haiwezekani, kwani rekodi ya awali amekwisha agiza ifutwe.

Wote wakamgeukia Kasian. Ni kweli alikuwa ameagizwa. Kasian akajikuna shingo.

"Niliambiwa nifute," akasema. "Sikufuta."

Viktor alipiga simu kampuni ya usafi kulalamika kwamba msafishaji anaingilia kazi za wateja. Kesho yake mchana msimamizi wa Leah, Swaibu, Mganda wa Jinja, alifika na karatasi. Alimketisha kwenye ngazi za nyuma, penye kivuli chembamba. Swaibu hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempeleka Leah hospitali mwaka uliopita alipoanguka kwa joto, na aliisoma karatasi ile kama mtu anayetamani ingekuwa imeandikwa na mwingine. Ilisema kwamba mimi, Leah Kemilembe, sijawahi kuimba wala kurekodi kitu chochote katika studio hii, na niliingia humo kwa usafi tu. Kampuni ilitaka kujikinga na maswali ya viza. Viktor naye angefaidika, kwani sauti isiyo na mwenyewe haina wa kuidai.

"Weka sahihi, dada Leah, khalas, yaishe," Swaibu akasema. "Utabaki hapahapa. Usipoweka, Jumapili wanakupeleka Jebel Ali, kwenye maghala. Basi linaondoka saa kumi alfajiri."

Leah aliishika karatasi muda mrefu. Aliyajua maghala yale kwa kuyasikia. Milango hukaa wazi kutwa nzima kwa ajili ya malori, na joto la nje ndilo la ndani. Alimfikiria mama yake Bukoba, ambaye asingeona tofauti yoyote kati ya kusafisha Garhoud na kusafisha Jebel Ali, mradi mtoto ni mzima. Akafikiria pia jinsi ingekuwa rahisi, mstari mmoja tu wa kalamu. Hofu haikumtoka alipofungua mdomo.

"Kaka Swaibu, karatasi inasema sikuimba."

"Ni karatasi tu."

"Niliimba. Ijumaa, siku yangu, bila malipo. Waandike hivyo, hiyo nitaisaini sasa hivi."

Swaibu akamtazama, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Alisema atawaambia amekataa. Halafu, akiwa amekwisha shuka ngazi mbili, akauliza ni wimbo gani hasa. Leah akamwimbia ubeti mmoja palepale. Swaibu akasimama mpaka ulipokwisha, kisha akaenda zake.

Jumapili Leah alikuwa Jebel Ali.

Yaliyofuata studio aliyapata kwa Kasian, kwa simu, kidogokidogo. Bendi ilikaa siku tano bila kugusa chombo. Kampuni ya rekodi ikatishia kuvunja mkataba. Linnea akawajibu wauvunje. Viktor akapanda ndege kurudi kwao. Nyimbo tatu zilizobaki zilirekodiwa katika siku mbili za mwisho, usiku na mchana, Kasian akiwa fundi mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na Linnea akiimba kwa sauti iliyopasuka kwa uchovu. Mwenye studio alisikiliza kazi yote, akamwacha Kasian kwenye kiti kile.

Albamu ilitoka kwa kuchelewa, baada ya miezi saba. Haikuwa na wimbo wa redio. Kasian alisema gazeti moja la Uswidi liliiponda, likasema wamepotea njia, na jingine likaandika kwamba wimbo wa saba ndio bora waliowahi kuutoa. Leah aliyapokea yote mawili kwa "sawa" moja. Maghala yalikuwa yamemkondesha. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa ya sakafu, na mara mbili alikuwa amelia kwenye basi la alfajiri, uso ameugeuzia dirishani. Kila mwenzake alipomuuliza kama angerudisha siku nyuma angesaini, alijibu hapana. Kuna siku alijibu haraka, na kuna siku alichukua muda.

Ijumaa moja mchana, mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, Kasian alishuka kwenye basi International City akiwa na bahasha kutoka Uswidi. Leah aliifungua juu ya kitanda, Hamida akichungulia begani mwake. Ndani kulikuwa na diski, na kijitabu chenye picha za bendi waliokunja nyuso. Kwenye ukurasa wa wimbo wa saba maneno ya Kihaya yalikuwa yamechapwa yote, beti kwa beti, na chini yake: Leah Kemilembe, sauti ya pili na ya tatu. Kwenye ukurasa wa mwisho jina la Kasian lilikuwa mahali pa fundi mkuu. Leah alipitisha kidole juu ya jina lake, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Hamida alikuwa na redio ya diski. Wimbo ulianza na magitaa, na Hamida akajishika masikio akauliza, shoga, hawa watu wanapiga muziki au wanavunja nyumba. Kisha sauti ya Leah ikaingia, nzima, na maneno yake, juu ya ngoma zinazokimbia, na Linnea chini yake akiimba ile moja ya zamani. Hamida akaishusha mikono.

Jirani akagonga ukuta kwa hasira, mara tatu, kwamba wapunguze.

Leah akanyanyuka kitandani, akaenda kwenye redio, akaongeza.