Majivu Yaliyopita Ukunguni

…nusu kilo tu mzee, ya kupikia makande, Laurencia alisema, au alidhani amesema, kwa sababu sikio la kulia lilikuwa hapa Karatu mjini dukani kwa mzee Abdulwahabu na la kushoto limezibwa na kidude cha simu kinachonong'ona mkutano, Nasrin mwenyekiti akisoma ajenda kutoka huko Uholanzi kwa ile sauti yake isiyojua haraka, ajenda ya nne tuzo za vijana, ya tano jedwali la Laurencia la namna vumbi linavyofifisha mwanga, halafu kura, na nani angeamini, chama kizima cha wanasayansi wanaochunguza nyota maabarani, watu waliotawanyika dunia nzima, wanaochoma na kugandisha vumbi kwenye mitungi ya chuma isiyo na hewa ili wenye darubini wajue wanachokiona kule juu, leo hii kinapigia kura vipimo vya binti wa Hyasinta wa Rhotia, vikipita vitakuwa ndivyo vya kuaminiwa, kila mwenye darubini atavichukua na kuvitumia miaka na miaka bila kuuliza, na mama mwenyewe hana habari, anachojua ni kwamba maharage yako motoni, mahindi yamegoma kuiva na magadi yamekwisha… "Haya ni ya Ziwa Natron yenyewe, siyo ya kudanganyia," mzee Abdulwahabu alikuwa anasema, ameinama nyuma ya kaunta, anafungua ndoo, mfuniko, chini ya mfuniko nailoni, chini ya nailoni nailoni nyingine, Laurencia akashindwa kujizuia, "Mzee, umeyafunika kama bibi harusi, unaogopa yataonwa?" na mzee akacheka bila kuinua kichwa, "Mwanangu, magadi hayaachwi wazi msimu huu. Ukungu ukishuka kutoka kule kreta yanakunywa hewa. Siku mbili tu unayakuta yamechanua unga mweupe, yamegeuka, siyo yale tena. Mteja ananirudishia," na Laurencia akacheka naye, kisha akaiangalia tena ndoo… yanakunywa hewa… yamegeuka… na hapo hapo, mbele ya mizani na maboksi ya sabuni, akamwona Metui amesimama mlangoni kwa mama yake mwaka juzi, shuka limelowa mabegani, kiroba mkononi, majivu ya Lengai, mlima unaotema lava isiyofanana na nyingine yoyote, majivu aliyoyaomba yeye mwenyewe kwa sababu yanakaribiana na vumbi linalotoka kwenye nyota zinazozeeka, na Metui, mchungaji wa Malambo ambaye hajawahi kuuliza majivu ni ya nini, alisema nini siku ile? alisema, "Dada, hii kitu imebadilika. Kule kwetu nyeusi kama sufuria. Njiani Olbalbal nimechungulia, bado nyeusi. Lori likaharibika pale juu kwenye ukungu, tumekaa toka asubuhi mpaka mchana, nafungua, nyeupe," naye akamwambia karibu chai, majivu ni majivu bwana, akafungua daftari akaandika tarehe, uzito, mahali yalipochotwa, na rangi hakuiandika, ee Mungu wangu, rangi hakuiandika… na kiroba Metui alipewa na nani? alimpa yeye, chupa tupu za kioo zenye vifuniko zilikuwa tele kwenye buti la gari, akaziacha, akachukua kiroba, kwa sababu amezaliwa Rhotia, na Rhotia mtoto anajua kabla ya kujua kusoma kwamba kitu kilichovunwa lazima kipumue, ukifungia mahindi kwenye nailoni umeyaozesha, mama yake angemchapa, kwa hiyo msomi mzima na shahada zake akayavuna majivu ya mlima kama mahindi, yakapumua, yakapumua ukungu wa Ngorongoro mpaka yakashiba… lakini aliyakausha! siku mbili kwenye tanuri, na kilichokwisha kugeuka ukikikausha unapata nini, unapata kitu kikavu kilichogeuka, basi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua hilo… "Ajenda ya tano," Nasrin akasema sikioni, basi zimebaki dakika chache tu, Laurencia akinyamaza kura inapita, nani atajua, Metui hasomi majedwali, mwakani anaweza kusahihisha kimyakimya, toleo la pili, mstari mdogo chini ya ukurasa, wenzake wangapi wamefanya hivyo, na akisema? watasema nini wale waliochukua miaka miwili kumwamini hata wakampa kazi hii, aibu ikampanda usoni ikawaka kweli, akashika ukingo wa kaunta… "Nina neno dogo," sauti nyingine, Ashrafu, mtu wa darubini, anajulikana chama kizima kwa kulalamika, "ni nyota yangu ile ile, bado haikubaliani na jedwali, kwenye upinde wa rangi mwanga wake unafifia pembeni kidogo ya pale Laurencia anaposema," na Nasrin, "Ashrafu, hilo tulishalijadili, tukasema ni kifaa chako," ndiyo, walisema ni kifaa chake, na aliyesema wa kwanza ni Laurencia, tena kwa kujiamini… pembeni kidogo… upande gani? upande gani, Ashrafu? kwa sababu vumbi la nyota ile halijapita ukingoni mwa kreta, halijawahi kukutana na tone la maji tangu litoke, ni jeusi bado, kama sufuria, na majivu meusi yeye hajawahi kuyapima, hakuna aliyeyapima, amepima meupe akayaita meusi, sasa ukiyafungia kwenye kioo palepale mlimani, yakafika kwenye mtungi hayajapumua hata mara moja, ule mwanga utafifia wapi? utasogea kwa Ashrafu au utamkimbia? na kati ya nyeusi na nyeupe, asubuhi ile hadi mchana ndani ya lori, yalipita rangi ngapi, na je kama kuna nyota nyingine zenye vumbi lililoloa, na kila moja imesimama mahali pake njiani, moja Malambo, moja Olbalbal, moja ukunguni… hajui, hajui kabisa, na ajabu ni kwamba kutojua huku kunamfurahisha, kunamwasha kama alivyokuwa mtoto akichungulia chungu cha mama yake aone maharage yanalainikaje magadi yakitiwa, akafukuzwa, akarudi, akafukuzwa tena, aibu bado ipo, imekaa palepale shavuni, lakini imesogea kupisha kitu kikubwa kuliko yenyewe… "Ni nusu au kilo, mwanangu?" mzee Abdulwahabu anauliza, kijiko hewani, mizani haijatulia bado, na sikioni Nasrin, "Laurencia, upo? Tuanze kura?" na Laurencia akamwonyesha mzee kidole kimoja, kilo, kisha akamwonyesha ndoo, nailoni, mfuniko, nifungie vilevile unavyofunga, akabonyeza simu, "Nipo," akasema, "naomba msipige kura. Nilipima majivu yaliyokwisha kugeuka. Metui wa Malambo aliniambia, na mimi sikuandika."