Neno la Siri Kiganjani mwa Binti Yangu

Naandika haya kwa wazazi wenzangu. Mimi niliishia shule ya msingi, kompyuta hata kuiwasha siwezi, lakini hili nimelielewa, tena kwa kuumia.

Mwalimu wa hesabu alikuwa na rundo la alama za kuingiza kwenye mfumo wa shule, akachoka. Binti yangu ana mkono mwepesi, mwalimu akamwomba amsaidie. Neno lake la siri akamwandikia kiganjani kwa kalamu, eti karatasi hupotea. Nilipoliona nikacheka, nikamwambia asinawe mpaka awe amelikariri. Kisha nikaenda kwa wifi yangu kujigamba kwamba nyumbani kwangu kuna mwalimu msaidizi.

Wiki tatu baadaye, alama za wanafunzi sita zikakutwa zimepanda. Aliyezibadilisha alikuwa ameingia kwa jina la mwalimu, siku ambayo mwalimu mwenyewe alikuwa kitandani anaumwa. Akaulizwa nani mwingine analijua neno lake. Akasema hajampa mtu, labda yule binti alichungulia.

Binti yangu akaapa hakugusa alama ya mtu. Nani aligusa, mpaka leo hatujui. Neno lenyewe lilikuwa jina la mwalimu na mwaka wake wa kuzaliwa, hata mimi ningebahatisha.

Tukaitwa shuleni, na mbele ya mwalimu wa hesabu, mwalimu mkuu akanisogezea barua. Mtoto akikiri aliiba neno la siri, Jumatatu anafanya mtihani wa mwisho. Akikataa, anakaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi hauna tarehe. Nikasema maandishi niliyaona kwa macho yangu. Wakatazamana, kama kusema mama mzazi angesema nini kingine.

Nikamgeukia yule mwalimu. "Mwalimu, kiganja cha mwanangu ulikiandika, hukukiandika?"

"Mama, una ushahidi?"

Ushahidi uliondoka na sabuni ya vyombo. Nikachukua kalamu, nikasaini. Binti akasaini chini yangu.

Tulipofika mlangoni kwetu, binti akasema, "Mama, wewe ulikuwa unajua. Halafu ukasaini kwamba niliiba."

Mtihani amefanya. Salamu ananipa, vyombo anaosha, basi, hakuna zaidi. Barua imo kwenye faili lake na jina langu liko pale.

Mzazi mwenzangu, mtoto akirudi na neno la siri la mtu mzima, usicheke. Mshike mkono umrudishe shuleni siku hiyohiyo, na useme mbele ya watu ni nani aliyempa.