Mzigo wa Mwanaharusi

Dada yangu Mwanaharusi ndiye aliyekuwa akili ya ukoo. Mimi nilipelekwa shule ya bweni Tanga ili ukoo upumzike. Niliporudi nyumbani Mayfair, Johannesburg, likizo ya Juni 2017, nilikuta mama ameshamfanya mhandisi, ingawa alikuwa mwaka wa pili tu chuoni. Picha yake ya siku ya kujiunga ilining'inia katika duka la nguo la mama, juu ya madera, na wateja waliombwa waitazame kabla ya kuuliza bei.

Mhandisi mwenyewe alikuwa halali wala hali. Ukimuuliza hali anajibu "sharp", yaani poa, neno ambalo hapa Johannesburg hufunga mjadala wowote. Wataalamu wa ukoo walishatoa tiba. Shangazi Chiku aliagiza kwa simu anywe uji wa pilipili manga. Mama aliagiza asome zaidi.

Jumamosi nikakuta ndani ya kitabu cha Mwanaharusi dodoso la Kiingereza la mshauri nasaha wa chuo, limeshajazwa: maswali kumi na mawili, ya kuzungushia namba, sifuri ikiwa kamwe na nne kila mara. Nikaona ni ubadhirifu kuliacha bila kusomwa hadharani. Wakati wa chakula nikajifunga kanga shingoni mithili ya tai ya mwalimu mkuu wetu, nikasimama mbele ya mama na kutafsiri kwa sauti ya mahafali.

La kwanza: unalala vizuri? Sifuri. Nikampongeza mtahiniwa. La nne: ukikosea jambo moja, unaona umeshindwa yote? Nne. Nikaomba makofi. Mwanaharusi aliingia nikiwa kwenye la saba: unajiona mzigo kwa familia yako? Nne, kalamu imezungushwa hadi karatasi ikatoboka. La nane nililisoma kwa macho tu.

Nikavua tai.

"Endelea, mwalimu," Mwanaharusi alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha bei na saizi, aliniuliza la nane linasemaje. Nikamwambia: linauliza kama huwa anawaza bora asingekuwepo duniani, naye kajibu nne. Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza chumvi.

Wali ukapoa. Mama akamuuliza taratibu kama ni kweli, na kama ana nia hiyo leo. Mwanaharusi akasema leo hapana, lakini ni kweli, amechoka kubebwa.

"Mimi kazi yangu nini, mwanangu?" mama akasema. "Mzigo wangu wa nguo ukikwama mpakani silali. Nauendea stendi mwenyewe, simtumi mtu."

"Nimefeli masomo mawili, mama."

"Mzigo ukija umelowa, huwa nautupa?"

"Unauanika," Mwanaharusi akasema.

"Haya."

Usiku huo mama alilala chumbani kwa Mwanaharusi. Jumapili aliishusha ile picha. Jumatatu alifunga duka, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kulifanikisha, akatupeleka wote hadi mlangoni kwa mshauri. Mwanaharusi akaingia. Mama akaketi nje, mkoba magotini, kama yuko stendi.

Baada ya saa nzima karani akaniuliza kwa Kiingereza huyu mama anasubiri nini.

"Mwambie mzigo ni wangu," mama akaniambia. "Siondoki bila huo."

Nikatafsiri: ni mama yake.