Simenti Isiyoachia

Mimi ndiye niliyeichanganya, kwa hiyo mtu asinisimulie habari za bahati mbaya.

Mwaka wa kumi na tisa huu namsaidia daktari wa meno hapa mjini Sopron, na sheria yetu ni moja: jino la kupandikiza hufungwa kwa simenti ya muda. Kofia ya jino inakaa juu ya skrubu iliyopandwa mfupani, na iko siku utataka kuifungua usafishe, ukaze. Simenti hafifu hukubali kuachia. Ile ya kudumu haina adabu, ikishika, imeshika.

Lakini Bibi Rozália ni mama mzazi wa Daktari Barnabás. Kofia ya jino lake la mbele ilidondoka ndani ya supu ya kuku, tena harusini, meza nzima ikitazama. Akaja kwetu amefunika mdomo kwa leso.

"Barna, mwanangu, nibandikie ile ya milele."

"Mama, kwa jino hili hatuweki ile. Kukiwa na tatizo siwezi kuingia. Na mfupa wako hapo ni mwembamba; skrubu hii ikipotea, nyingine haina pa kushika."

"Basi usilete tatizo! Ulikwenda Budapest kusomea nini, kunitia aibu mbele ya wakwe?"

Daktari akanitazama. Mtu mzima, mvi kichwani, ananitazama mimi nimwokoe kwa mamaye! Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Mzazi ni mzazi, daktari," nikachanganya ya kudumu.

Mwaka mzima bibi alicheka mdomo wazi. Leso hata sikuiona tena. Kila akipita aliniletea jamu ya aprikoti na umbea wa mtaa mzima.

Jumatatu akaja fizi imevimba, jino linacheza. Picha ikaonyesha weusi umeizunguka skrubu. Mfupa ulikuwa unaliwa.

"Tuitoe kofia tusafishe," daktari alisema. "Labda tutaiwahi."

Akachukua kinyundo cha kutolea kofia. Tak. Tak.

"Inauma, Mama?"

"Gonga tu, mwanangu. Kukuzaa kuliuma zaidi."

Simenti hafifu ingeachia kwa pigo la pili. Daktari aligonga, akapumzika, akagonga. Jasho likamtiririka. Nilikuwa nimeshika kichwa cha bibi huku naomba, Mungu wangu, iachie, iachie tu.

Pigo la tisa ikatoka. Ikatoka yote: kofia, na chini yake skrubu nzima, vimeshikana vilevile kama tulivyovifunga. Simenti haikuachia. Mfupa ndio ulioachia.

Shingoni mwa skrubu kulikuwa na ukoko mgumu wa simenti. Ulijipenyeza chini ya fizi siku ile ile, ukakaa humo mwaka mzima ukiila nyama na mfupa. Kuusafisha ilikuwa kazi yetu, na hatukuuona.

Bibi akasukutua. Akaomba kioo. Nikajifanya sikusikia, akakichukua mwenyewe mezani, akajitazama, akakilaza kifudifudi. Kisha akafungua mkoba na kutoa leso.

"Haya, msininunie," alisema nyuma ya leso. "Mlikuwa sahihi, mimi ndiye mbishi. Safari hii tuweke ile hafifu, eti Emőke?"

Nikamgeukia daktari amjibu. Naye alikuwa ananitazama mimi.